Barua ya wazi: Wazee wetu wa klarineti na mdomo wa bata wapewe wanafunzi, pumzi bado ipo

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika kwenu mlioko Wizara inayosimamia utamaduni na sanaa, Baraza la Sanaa la Taifa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, VETA wa mafunzo ya ufundi, maofisa utamaduni wa manispaa zetu hapa Dar, na nyie wakuu wa bendi za majeshi yetu. Najua nimetaja wengi, ila jambo lenyewe halikai kwenye ofisi moja, kila mtu ana kipande chake na kwa sababu hiyo limekuwa halina mwenyewe. Mimi ni mpuliza klarineti. Mchana nauza spea za pikipiki Tandika, wikiendi mtaniona juu ya pikapu na wenzangu wa matarumbeta tukisindikiza maharusi Barabara ya Kilwa, na Jumapili napiga kanisani. Sina cheo, naongea kama mtu aliyefundishwa na anayeona waliomfundisha wanaondoka.

Ombi lenyewe naliweka hapa juu kabisa ili hata mkiishia hapa mlijue. Wazee waliostaafu kwenye bendi za polisi, jeshi na magereza, na wale wa okestra zetu za dansi, wale wa klarineti, fluti na mdomo wa bata, yaani saksafoni, wapewe vijana wa kuwafundisha na walipwe kwa kazi hiyo, bila kudaiwa cheti cha chuo ambacho enzi zao hata hakikuwepo cha kusomea. Basi ndo hilo tu.

Sasa niwaeleze kwa nini naliona ni la haraka.

Mwalimu wangu tunamwita Babu, sio babu yangu wa damu, ni mzee wa watu anakaa Keko, alipuliza klarineti kwenye bendi ya jeshi zaidi ya miaka 20 na jioni alikuwa anapiga dansi. Nilienda kwake nina miaka 17, kwaya walishanifundisha solfa, ile ya do-re-mi, na nilikuwa nasoma stafu, ile mistari mitano ya noti, vizuri tu, nikajiona nimeshafika. Akaniwekea karatasi ya machi, muziki wa gwaride. Nikaipiga mwanzo mpaka mwisho, sikukosea hata noti moja, nikamwangalia nikisubiri sifa. Akaniambia, "Umesoma vizuri mwanangu, sasa niambie hiyo barua inasemaje." Sikuwa na jibu. Noti zote nilikuwa nazo na sikuwa nimesema kitu.

Akanifundisha kwa gia. Alikuwa anachukua penseli, juu ya kila noti anaandika namba, hii moja, hii mbili, hii tatu, hii ya juu nne, halafu tunashuka, tatu, mbili, taratibu, "usizime gari katikati ya barabara." Ukitoka mbili ukaenda nne anakusimamisha, umeruka gia, abiria wameumia shingo. Na alichokuwa anakirudia kila siku, yaani kila siku, ni kwamba gia sio sauti kubwa. Gia ni nguvu ya ndani. Unaweza ukawa gia ya nne na sauti yako ikawa ndogo kama mama anayemkanya mtoto kwa kunong'ona mbele ya wageni, yule mtoto ameshaelewa na wageni hawajasikia kitu. Hilo mimi lilinichukua karibu miaka miwili kulipata na nimelipata kwa sababu alikuwa amekaa pembeni yangu kaweka kiganja chake mgongoni kwangu anasikia pumzi inatoka wapi.

Mara nyingine aliniwekea klarineti chini, akaniambia sema, "Mama amerudi sokoni." Nikasema. Akauliza sauti imepanda wapi na imetua wapi. Ukisikiliza utaona inakaa kwenye "ko", ile "ni" ya mwisho inajifia yenyewe, hakuna Mswahili anayeisukuma. "Sasa mbona kwenye klarineti unasukuma noti ya mwisho? Umekuwa mgeni wa lugha gani?" Tangu siku hiyo kila wimbo nautafutia maneno kwanza, hata kama ni machi isiyo na maneno.

Na wimbo wa taifa. Bendi zote wanaupiga, karatasi ni ile ile, lakini kwenye karatasi aliyonipa yeye palikuwa hapajaandikwa uvute pumzi wapi. Babu alifundishwa na sajini wake, na sajini alifundishwa na aliyekuwa kabla yake, kwamba usivute pumzi baada ya neno la kwanza hata kama kifua kinawaka, maana neno la kwanza ni jina la Mungu, ukivuta hapo unakuwa umemwita halafu umenyamaza hujamwambia unachotaka. Nimewauliza vijana wa siku hizi ninaopiga nao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa hivyo. Wanavuta popote pumzi inapoishia.

Nilidhani hizi gia ni za Babu peke yake. Baadaye nikaja kusoma habari za Mfaransa mmoja anaitwa Marcel Tabuteau, mpuliza obo, chombo cha mbao cha kupuliza, alizaliwa 1887, akasoma Paris kwa mwalimu Georges Gillet, akahamia Marekani na kuanzia 1915 mpaka 1954 akawa obo ya kwanza, yaani mkuu wa wapuliza obo, kwenye okestra ya Philadelphia. Huyu bwana alikuwa anafundisha kwa kuzipa noti namba! Moja, mbili, tatu, kupanda na kushuka, na namba zake zilikuwa za uzito wa noti ndani ya sentensi, jinsi inavyotoka kwa mwenzake na kwenda kwa mwenzake. Nilimpelekea Babu habari hiyo, akasikiliza mpaka mwisho, akasema "alikuwa anajua kazi." Hakuwahi kumsikia maishani mwake. Watu wawili hawajuani, mmoja Philadelphia mwingine Keko, wamekutana kwenye jambo lile lile, kwa sababu pumzi ya binadamu ni moja na sentensi ni sentensi.

Ila wenzetu walifanya kitu kimoja ambacho sisi hatujafanya na hapo ndipo naomba mnisikilize kwa makini. Ile elimu ya Tabuteau hawakuiacha ife naye. Mwaka 1924 ilifunguliwa shule ya muziki pale Philadelphia, Curtis, na wapulizaji wa ile okestra wakapewa kazi ya kufundisha pale huku wakiendelea kupiga, Tabuteau obo, William Kincaid fluti. Kincaid naye alifundishwa na Georges Barrère, na Barrère alifundishwa na Paul Taffanel kule Paris, mnaona huo mnyororo. Tangu 1928 wanafunzi wa pale hawalipi ada. Tabuteau alipostaafu 1954 kiti chake kikakaliwa na mwanafunzi wake John de Lancie, na de Lancie alipotoka 1977 kikakaliwa na mwanafunzi wake naye, Richard Woodhams, mpaka 2018. Kiti kimoja, watu watatu, miaka 103, kila aliyefuata kafundishwa na aliyemtangulia. Karatasi za Beethoven zinauzwa dunia nzima, mtu yeyote anazipata, lakini namna ya kuzisema zile noti haiuzwi dukani, inatoka kwenye mdomo wa mtu inaingia kwenye sikio la mtu.

Na msidhani nasema tuige Wazungu. Sisi huo mnyororo tulikuwa nao, kwanza tuna zumari. Zumari ni ndugu wa obo kabisa, ulimi wake ni wa majani mawili yanayotetemeka pamoja, na mpiga zumari wa pwani anavuta hewa kwa pua huku mashavu yanaendelea kusukuma, sauti haikatiki hata dakika kumi. Babu huo ujanja alifundishwa na mzee wa zumari kutoka Pemba, akauleta kwenye klarineti. Hakuna kitabu hapo, hakuna noti hata moja iliyoandikwa.

Halafu ikaja beni, ngoma ya kuiga gwaride, vikazuka vikundi vyake vya Marini na Arinoti mitaani kwetu hapa Dar, zikaja bendi za majeshi, na majeshi yenyewe yakawa na bendi za dansi, Polisi Jazz, Kimulimuli ya JKT. Mtu mchana yuko kwenye gwaride amevaa rasmi, usiku yuko ukumbini anapuliza mdomo wa bata, na kile alichofundishwa gwaridani kinaingia kwenye dansi na cha dansi kinarudi gwaridani. Watu wa zilipendwa watanielewa, chukueni bendi mbili za dansi, Msondo tangu ikiitwa NUTA Jazz 1964 na Sikinde tangu 1978, hao wawili ukisikiliza wapulizaji wao wanavyomwitikia mwimbaji unamjua nani ni nani kabla hata hujasikia sauti ya mtu. Noti zinaweza kufanana. Wanavyoingia ndo hawafanani, na wanavyoiacha noti ya mwisho, mmoja anaikata, mwingine anaiachia iende. Hiyo ni shule, jamani, ni shule kamili haina tu jengo. Sasa hivi bendi nyingi sehemu ya wapulizaji imekuwa ya kinanda, na kinanda hakivuti pumzi.

Nije kwenye kilichonifanya niandike leo.

Kuna shule moja hapa mjini, siitaji jina na sina ugomvi nayo, ina vyombo vizuri vya kupuliza na haikuwa na mwalimu wa kupuliza. Nikampeleka Babu. Alivaa shati lake jeupe, amelipiga pasi mpaka mikunjo inaonekana. Wakampa kipindi kimoja cha majaribio. Kulikuwa na binti mdogo wa fluti, labda miaka 12, anapiga kwa woga, kila noti inatoka peke yake kama shanga zilizokatika uzi. Babu akamwambia asipige, amsimulie alikula nini asubuhi. Yule mtoto akaanza, chai, chapati, akacheka, akasema na mama yake alivyomficha chapati ya pili. Babu akamwambia haya sasa isimulie hiyo kwa fluti, kwa noti hizi hizi. Nawaambia darasa lilinyamaza. Ilikuwa noti nane tu na zote zilikuwa na uzi. Yule mwalimu wa darasa alikuwa amesimama mlangoni akasahau kufunga mlango.

Wiki iliyofuata ofisi wakaomba cheti. Babu ana karatasi ya kustaafu na picha mbili za bendi. Wakasema utaratibu hauruhusu, na mimi nawaelewa, aliyekaa kwenye ile meza hakuutunga huo utaratibu. Babu akawaambia asante, akaifunga klarineti yake kwenye kanga anayoifungiaga siku zote, tukapanda daladala tukarudi. Njiani hakusema kitu mpaka Chang'ombe, akaniuliza, yule binti atafundishwa na nani. Sijamjibu mpaka leo.

Waheshimiwa, dawa ya hili mnayo tayari mkononi. VETA wanao utaratibu wa urasimishaji ujuzi, fundi makenika, seremala, mwashi, mpishi aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, akiweza anapewa cheti. Fundi aliyejifunza chini ya mwembe anatambulika, kwa nini mpulizaji aliyejifunza uwanjani asitambulike? Wekeni fani ya kupuliza kwenye urasimishaji. Chuo cha Bagamoyo, ambacho kinafundisha sanaa tangu 1981, kitoe wapimaji, mkae na mzee nusu saa, mumpe mwanafunzi mmoja mbele yenu, mtaona wenyewe kama anajua kufundisha au hajui. Na mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari, watoto watahitaji watu wa kuwashika mkono, na watu wenyewe wamekaa barazani wanacheza bao.

Kuhusu posho. Najua upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa na unakopesha wasanii, ni jambo jema, lakini mkopo haumfai mzee wa miaka 70 na kitu anayetaka kufundisha watoto wanne. Anahitaji nauli, anahitaji ridi, na kidogo cha nyumbani. Wajapani kwa sheria yao ya 1950 wanawatambua mafundi na wasanii wakubwa kama hazina hai za taifa, na kila mmoja anapewa yeni milioni 2 kwa mwaka ili aendeleze kazi yake na kurithisha wengine. Sisi sisemi milioni za Kijapani. Na Tanzania tumeridhia mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika, kwa hiyo neno "kurithisha" sio langu mimi muuza spea, mmeshaliwekea sahihi.

Nimetaja ridi, ngoja niseme kidogo hapa maana wengi mkipanga bajeti hamlijui hili. Klarineti na mdomo wa bata sauti yake inaanzia kwenye kipande kidogo cha tete, ndo ridi yenyewe, na matete yanayosifika yanatoka kusini mwa Ufaransa, huku yanafika kwa bei ya kuumiza, na joto letu na unyevu wa pwani vinaipinda ridi haraka. Babu anaishika ridi kwenye mwanga wa dirisha, ndani yake katikati unaona kivuli kama kidole, ule ndo moyo wake, huugusi kamwe. Anakwangua pembeni kwa wembe, mara mbili, anajaribu, mara moja tena, anajaribu. Ridi niliyokuwa nataka kuitupa inapiga mwezi mzima. Ridi ikiwa nzito huwezi kupanda gia taratibu, inaruka yenyewe, kwa hiyo mtoto ataonekana hana hisia kumbe ana ridi mbovu. Mambo ya namna hii simu haikufundishi. Vijana wananiambia kila kitu kiko YouTube, na kweli viko vingi na mimi mwenyewe naangalia sana, lakini simu inakuonyesha, haikusikii. Haiwezi kukwambia umeruka gia.

Nyie wakuu wa bendi za majeshi nina maombi mawili kwenu, kwa heshima zote. La kwanza, mzee aliyestaafu aruhusiwe kurudi angalau Jumamosi moja kwa mwezi akae nyuma ya vijana wakati wa mazoezi, mmpe kiti na chai. La pili, zile karatasi za zamani za noti zenye alama za penseli msizitupe mnapopata mpya zilizochapwa kwa kompyuta. Zile penseli ndo mali. Mwenzake Babu aliyekuwa anapiga fluti alifariki, tukamzika Kisutu, na baada ya arobaini nikaenda kuomba kama naweza kunakili karatasi zake. Mjane akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, tuliuza pamoja na magazeti ya zamani, kwa kilo." Hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia ni nini zile. Kwa hiyo miaka yote ya yule mzee, wapi avute, wapi aachie, wapi apande, imefungiwa maandazi.

Na rekodi. Kanda za Redio Tanzania za bendi zetu zipo, TBC wanazo, na ni hazina kubwa. Ila zile ni za muziki uliokwisha kuiva. Mimi naomba turekodi masomo. Mzee na mwanafunzi, kosa na sahihisho, "rudia", "hapana", "hapo sawa", saa nzima bila kukata. Tabuteau mwenyewe mwishoni mwa maisha yake, kabla hajafariki 1966, walikaa naye wakarekodi mafundisho yake kwa sauti yake na kwa obo yake, na leo mtu wa Tandika kama mimi anayapata. Kamera sio shida, simu yangu inatosha kuanzia. Shida ni mtu wa ofisi aseme haya ni kazi rasmi, yahifadhiwe hapa, yasipotee na simu yangu ikiibiwa Kariakoo.

Babu kwa sasa kifua kinamsumbua. Jioni hapigi tena. Asubuhi anapuliza, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka kama saa mbili hivi, joto likipanda anaacha. Anaanza na noti ndefu moja, gia ya kwanza, anapanda nayo mpaka juu na kushuka nayo mpaka isisikike, na majirani wameshazoea wanaamkia hiyo. Akitumwa ofisa hata mmoja nitampokea kituoni mwenyewe na kumfikisha barazani, mkeka upo na viti vya kuazima vipo. Naomba tu aje na yule binti wa fluti kama shule itaruhusu. Na aje asubuhi.